"Mmeshaipata dawa ya saratani?" Dhana potofu na ukweli kuhusu utafiti wa uzamifu

Kila ninapomwambia mtu kwenye matatu ya kwenda Westlands ninachosomea, swali huwa ni hilo. Ni swali la haki, kwani karibu kila anayeliuliza ana mtu wake aliyemuuguza. Mimi ni mwanafunzi wa uzamifu wa kemia hapa Nairobi, na natafuta molekuli zinazozuia protini ambazo seli za saratani huzitegemea ili ziishi. Naandika haya kwa sababu baadhi ya dhana zinazozunguka kazi hii huwapotezea wagonjwa muda ambao hawana.

Dhana: Kitu kikiua seli za saratani maabarani, hiyo ni dawa.

Seli huoteshwa kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Tunatia dondoo ya mmea, tunasubiri siku mbili au tatu, kisha tunaongeza kemikali ya manjano iitwayo MTT. Seli hai huigeuza ikawa zambarau, seli iliyokufa haiwezi. Kishimo kikibaki na umanjano wake, seli zimekwisha.

Lakini Jik pia itaziua. Chumvi ya jikoni ikizidi itaziua. Rangi ile hufungua maswali tu. Kilihitajika kiasi gani? Seli zisizo na saratani zilisalimika kwa kipimo kicho hicho? Dondoo moja ina kemikali nyingi mno, ni ipi hasa iliyofanya kazi? Na imeshika protini gani? Swali hili la mwisho linaweza kummaliza mwanafunzi miaka mitatu, na kwangu ndilo lenye thamani kuliko yote, kwa maana huwezi kuirekebisha molekuli ambayo hujui inashika wapi. Bado hatujafika mwilini, ambako ini linaweza kuivunjavunja kabla haijaufikia uvimbe. Nikisoma gazetini kwamba mmea fulani "unatibu saratani" kwa sababu ya sahani moja kama hiyo, huwa naumia.

Dhana: Cha shambani hakidhuru.

Lile ua dogo lenye rangi ya waridi na petali tano, linalopandwa kwenye vyungu na nyua nyingi mjini, asili yake ni Madagaska. Ndilo lililotupa vinkristini, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1963 na ambayo bado hutumika kwa watoto wenye saratani ya damu. Kipimo chake kwa kawaida hakizidi miligramu 2 kwa mara moja. Huweza kuharibu neva hadi vidole vife ganzi, na ikidungwa kimakosa kwenye uti wa mgongo huua. Anayechemsha majani yake nyumbani hana namna ya kujua amekunywa kiasi gani.

Dhana: Molekuli ikishindwa, miaka yote imepotea.

Hapa nawaomba mnivumilie, kwa sababu hadithi hii inapita kwetu. Mwaka 1972, Kupchan na wenzake huko Marekani walitangaza meitansini, molekuli kali ajabu waliyoitoa kwenye mmea wa jenasi ya Maytenus uliokusanywa Ethiopia. Ndugu ya mmea huo, Maytenus buchananii, alipatikana Shimba Hills, Kwale, na tani kwa tani zikavunwa ili kupata gramu chache. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa, sumu ilizidi faida. Kazi ikasimama.

Ila wanakemia walikuwa wameshajua inakoshika: kwenye tubulini, protini inayojenga nyuzi za kugawanyia seli. Wakaibadilisha kidogo, wakaifunga kwenye kingamwili (protini ya kinga inayonasa shabaha maalumu) iitwayo trastuzumabu, inayotambua HER2, protini inayojazana juu ya seli za baadhi ya saratani za matiti. Ni kama mzigo wa bodaboda ulioandikwa namba ya mlango: sumu nyingi zaidi hufika kwa mwenyewe, ingawa si yote. Mwaka 2013 dawa hiyo iliidhinishwa Marekani. Miaka 41. Ninapoandika kwenye tasnifu kwamba molekuli yangu fulani haikufaa, naandika kwa uangalifu uleule ninaoandikia iliyofaa.

Dhana: Tiba ipo, imefichwa na makampuni.

Saratani ni magonjwa mengi, na inapotibika tiba haifichwi. Saratani ya korodani mara nyingi hupona hata ikiwa imesambaa, kwa sisplatini, dawa ya tangu 1978. Hasira zetu zielekee kwenye bei na kuchelewa kupimwa.

Dhana: Mwanafunzi anaweza kukupa kidogo ujaribu.

Hawezi, wala hapaswi. Kumjaribia mtu dawa kunahitaji idhini ya kamati ya maadili, madaktari na miaka ya vipimo vya usalama.

Jirani yetu mmoja aliwahi kunijia usiku akitaka dondoo kwa ajili ya dada yake, aliyekuwa ameanza kemotherapia. Nilimkatalia, na haikuwa rahisi. Tayari dada alikuwa akinywa dawa ya mitishamba kwa siri. Nilimweleza kwamba mitishamba mingine hubadilisha utendaji wa vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa za hospitali, hivyo kipimo alichopangiwa kinaweza kupungua nguvu au kugeuka sumu. Alhamisi iliyofuata walikwenda kliniki wote wawili, kile kichupa kikiwa mkobani, wakamwekea daktari mezani.