Punda mzee kavimba mguu? Hebu weka hicho chuma chini

Jamani, kila nikiitwa kuangalia punda mzee anayechechemea nakuta mguu ushachomwa chuma cha moto, mistari mibichi juu ya kifundo inatoa maji, nzi wamejaa, halafu mwenyewe ananiambia "daktari, tulishamtibu lakini bado." Hamjamtibu, mmemwongezea kidonda.

Eti mguu umevimba kwa sababu kuna damu chafu au baridi imeingia, sasa moto ndio unaitoa. Moto hautoi kitu. Na mara nyingi shida hata haiko pale palipovimba, iko chini kwenye kwato. Hawa wanaobeba mchanga na mawe hapa Lamu wakikanyaga msumari au kijiwe kikapenya, usaha unajikusanya ndani, na kwato ni ngumu haitanuki, kwa hiyo presha inapanda mguu unavimba mpaka juu ya kifundo, wewe unachoma juu jipu liko chini. "Lakini doki, wangu alipona!" Ndio, kwa sababu ukishamchoma unamwacha apumzike wiki mbili, na humo humo jipu linajipasukia lenyewe pale nywele zinapokutana na kwato. Kilichomponya ni jipu kupasuka akiwa amepumzika, si moto. Ungempumzisha bila kumchoma, basi.

Nyanyua mguu, osha, kwangua tope lote, shika kwato zote kwa kiganja ulinganishe joto, halafu papasa nyuma ya kifundo utafute mshipa, ukikuta unadunda kwa nguvu mguu mmoja tu niite. Nikifuata kwa kisu ule mstari mweusi chini ya kwato, njia uliyopita uchafu kuingia ndani, unatoka usaha wa kijivu, harufu yake usiombe, na mara nyingi punda anaanza kukanyaga vizuri siku hiyo hiyo au kesho yake. Baada ya hapo loweka kwato kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, funga pampasi ya mtoto, zungushia tepu pana, badilisha kila siku. Watu wananicheka na pampasi zangu lakini nionyesheni bandeji ya bei hiyo inayonyonya vile. Na sindano ya pepopunda msiiruke!

"Ni uzee tu." Uzee haumshiki punda usiku mmoja kwenye mguu mmoja. Baridi yabisi ipo, ila inakuja taratibu, asubuhi kakakamaa, akitembea kidogo analegea.

"Mbona anakula?" Punda anaficha maumivu, anakula huku anaumia. Akiacha kula kabisa ndio mbaya zaidi, mafuta yanajaa kwenye damu na anaweza kufa.

"Mtembeze uvimbe ushuke." Inategemea. Miguu miwili ya nyuma imevimba sawasawa, ya baridi, haiumi, alisimama tu sana, huyo mtembeze. Mguu mmoja, wa moto, unauma, asitoke. Na mpime homa, punda mzima yuko kwenye nyuzi 37 hivi, kwa hiyo 38.5 ambayo kwa farasi bado ungeivumilia, kwa punda hiyo ni homa tayari.

Mwisho hizo sindano za steroidi mnazouziwa agroveti "za uvimbe". Punda mzee, tena mnene, zinaweza kumletea laminitisi, yaani uvimbe wa ndani ya kwato, kwato za mbele zinawaka moto anasimama kaegemea nyuma hataki hata kugeuka. Kabla hujamdunga chochote nipigie, hata usiku.