Taarifa za mwandishi: kwa nini jarida hukuuliza jina ambalo umeshaliandika

Mwanafunzi wa uzamili amemaliza makala yake kuhusu mikoko ya Tudor, Mombasa. Anaipakia kwenye mfumo wa jarida, na mara fomu inamsimamisha: jina la kwanza, jina la ukoo, barua pepe, taasisi, nchi, na vivyo hivyo kwa kila mwandishi mwenza. Kwani majina hayapo kwenye ukurasa wa kwanza?

Yapo, na mara nyingi hapo ndipo penye kosa. Majarida mengi huwapa wahakiki makala isiyo na majina ili kazi ipimwe yenyewe. Kwa hiyo majina hufutwa kwenye faili, yakabaki kwenye fomu peke yake. Yaliyojazwa humo ndiyo huitwa taarifa za mwandishi. Makala ikichapishwa, mitambo ya kutafutia makala huzichukua kama zilivyo. Herufi uliyoikosea itakufuata kila mahali.

Kwetu watu wa pwani, penye uzito zaidi ni hilo “jina la ukoo”. Tuseme mtu anaitwa Fatma Salim Omar: jina lake, la babake, la babu yake. Ukoo haumo. Mwaka huu akijaza Omar, mwakani akajaza Salim, wanaomnukuu watamwandika mmoja Omar, F. S., mwingine Salim, F., na kazi zake zitagawanywa kwa watu wawili. Amua mapema jina lipi litakaa hapo, kisha usilibadilishe. Wala usimwachie kijana wa saiba anayekujazia fomu akuamulie.

Kinga nyingine ni ORCID, namba ya tarakimu 16 ya kumtambulisha mtafiti, inayotolewa bure tangu 2012. Ni yako hata ukihama chuo au ukibadilisha jina. Ikiishia na herufi X, usishtuke, ndivyo ilivyo.

Mwandishi wa mawasiliano ni yule ambaye mhariri humwandikia. Makala huweza kukaa miezi mingi, na barua pepe ya chuo huenda ikafungwa ukishahitimu, basi weka unayoifungua kila siku. Taasisi ni ile ulikofanyia utafiti, hata kama leo umeajiriwa kwingine.

Na nani aingie kwenye orodha? Wahariri wa majarida ya tiba wana masharti manne, na hata fani nyingine huyatumia: awe amechangia utafiti kwa uzito, ameandika au kuipitia makala kwa kina, ameidhinisha nakala ya mwisho, na yuko tayari kuijibia. Mkuu wa idara aliyetia saini tu hayatimizi, hata tukimheshimu vipi. Mahali pake ni kwenye shukrani. Lakini mwenzako aliyepanga nawe utafiti, mkazama naye topeni hadi magotini mkipima mikoko, mpe rasimu aisome na aichangie kabla hujabofya kitufe cha kuwasilisha, maana kumwongeza baadaye kwaweza kudai maelezo kwa mhariri na idhini ya waandishi wote.