Riba, cherehani na miti ya kando ya mto

Kwa Kiswahili neno hili halikwepeki. Wenzangu wanaofanya hesabu kwa Kiingereza wana maneno mawili matatu ya kujifichia. Mimi, nikitaka kumweleza Baba kazi yangu, nina moja tu: riba. Na hilo nililifundishwa mkekani, madrasani Majengo, kwamba anayeila ametangaziwa vita na Mwenyezi Mungu.

Kazi yenyewe ni uchumi wa mazingira. Naulizwa, kwa mfano, kama inafaa kutumia fedha leo kupanda miti kando ya Mto Nairobi ili mafuriko ya baadaye yapungue makali. Gharama ni za leo, faida ni za wajukuu. Ili zikae kwenye mizani moja, tunashusha thamani ya shilingi ya kesho kwa asilimia fulani kila mwaka. Ni riba iliyogeuzwa kinyumenyume.

Asilimia hiyo ndiyo huamua kesi. Chukua hasara ya shilingi 1,000,000 itakayotokea miaka 50 ijayo. Kwa asilimia 10, leo inahesabika kama shilingi 8,500 hivi. Kwa asilimia 1.4 inakaribia nusu milioni. Hasara ni ileile, mto ni uleule. Hiyo 1.4 ndiyo aliyotumia mchumi Nicholas Stern katika ripoti yake ya tabianchi kwa serikali ya Uingereza, 2006. Mchumi mwenzake wa Marekani, William Nordhaus, akampinga, akisema haifanani na faida wanayopata watu sokoni wakiwekeza.

"Kwa hiyo hasara ya mjukuu wangu ni elfu nane na mia tano," Baba akasema nilipomwonyesha karatasi. Hakucheka.

Kwa muda mrefu nilidhani nitalazimika kuacha kimoja, kazi hii au niliyofundishwa madrasani. Kilichonikwamua ni biashara yake mwenyewe. Baba anauza cherehani za mitumba sokoni Gikomba, Nairobi. Taslimu ni 12,000. Ukilipa kwa miezi mitatu ni 13,500, na mkishapatana haiongezeki hata ukichelewa. Wanazuoni wengi wanaihalalisha. Nikamuuliza, hizo 1,500 ni za nini, Baba? "Za kungoja," akasema, halafu akanyamaza, maana aliona ninapompeleka. Fikihi, yaani elimu ya sheria za dini, inakubali kwamba muda una fungu lake katika bei ya bidhaa. Inachokataa ni pesa kuzaa pesa, na deni kunenepa mgongoni mwa aliyekwama.

Nilipoifungua asilimia yetu nikakuta nayo ina mafungu. La kwanza linasema wajukuu huenda wakawa na mali kuliko sisi, basi shilingi moja haitawauma kama inavyotuuma. Sina ugomvi nalo, ingawa ningependa aliyelibuni awaeleze wafanyabiashara wa Gikomba ambao mto huwafuata hadi vibandani. La pili linawapunguza wajukuu kwa sababu tu watazaliwa baadaye. Mwanahisabati Mwingereza Frank Ramsey aliandika 1928 kwamba hilo halina utetezi wa kimaadili, ni udhaifu tu wa kuwaza mbali. Stern aliliachia asilimia 0.1 tu, na hata hiyo ni kwa uwezekano wa wanadamu kuangamia wote.

Baba hamjui Ramsey, ila wakfu anaujua. Sayyidna Omar, sahaba wa Mtume, alipoweka wakfu shamba lake la Khaybar, sharti lilikuwa lisiuzwe, lisitolewe zawadi, lisirithiwe; mazao ndiyo yaliwe. Hapo anayekula mwaka huu na atakayekula baada ya karne wana haki moja.

Lakini kulifanya fungu hilo la pili sifuri nako kuna makali yake. Ukiwapa wajukuu uzito kamili, na wao ni wengi, unaweza kuhalalisha karibu mateso yoyote ya leo. Mwaka 2024, baada ya mafuriko, nyumba za kingo za mito hapa Nairobi zilibomolewa kwa jina la usalama. Waliolala nje hawakuwa wajukuu wa mtu wa kubuni. Gharama yao naiandika peke yake, siichanganyi na faida ya mtu yeyote.

Siku hizi ripoti zangu zina safu mbili, moja ya asilimia 10 na nyingine ya 1.4. Baba huomba asomewe ya pili. Ile ya kwanza anaiita safu ya benki.