Mwalimu alitaka baiskeli ya resi, nikamwuliza anapita wapi

Juzi alinijia bandani, huku Ngamiani, Tanga, mwalimu mmoja mstaafu. Nikamwamkia, akaitika, akakaa kwenye benchi, kisha akanyoosha kidole kwenye baiskeli ya resi niliyokuwa nimeining'iniza darini. "Hiyo fundi, yenye usukani wa pembe za kondoo. Nataka kurudi barabarani." Mara ya mwisho kupanda baiskeli ilikuwa miaka kumi na nane nyuma, na hiyo ilikuwa Phoenix. Anakumbuka alivyokuwa anakwenda Muheza asubuhi na kurudi kabla ya adhuhuri.

Wengi wanaorudi huja hivyohivyo. Wanachagua baiskeli kwa miguu waliyokuwa nayo zamani. Mimi nikamwuliza: unapita wapi, mgongo unasemaje, na nani atakujazia upepo? Hilo la tatu akalicheka. Ndilo ninaloanzia kila siku.

Tairi ya resi ina upana wa milimita 23 mpaka 28. Kwa wembamba ule inataka upepo mwingi, psi (kipimo cha mgandamizo wa upepo) 80 mpaka 100 na zaidi, maana ukiipunguzia, ukikanyaga ncha ya jiwe rimu inaufinya mpira wa ndani pale chini na unapata matundu mawili yanayotazamana kama macho. Nayajua vizuri hayo. Niliwahi kujinunulia resi ya mtumba yenye tairi za 23, nikaielekeza njia ya Pangani enzi zile za vumbi na kokoto. Sikufika mbali, nikarudi nayo begani, na rimu ya nyuma imekunjika. Fundi mzima! Haibridi, yaani baiskeli iliyo katikati ya resi na mautenbaiki (baiskeli ya milimani), yenye usukani ulionyooka, inavaa tairi za milimita 35 mpaka 42, na psi 50 mpaka 60 zinaitosha. Ukiingia mtaa uliochimbika baada ya masika, tairi ndiyo inayoumia, si uti wa mgongo wako.

Halafu kuna mtego wa namba. Resi na haibridi zote huandikwa 700, na mtu akienda dukani anaambiwa "hiyo ni sawa na ishirini na nane". Si sawa. Soma ubavuni mwa tairi utaona namba mbili zenye kistari katikati, mfano 37-622. Ya mwisho ndiyo kipenyo cha pale tairi inapokaa kwenye rimu. Tairi ya inchi 28 ya Phoenix ni 635, yaani milimita 13 zaidi. Ukiivalisha kwenye rimu ya 622 inaingia kama kofia ya baba kichwani kwa mtoto, ukijaza upepo inachomoka. Kinachoingiliana na 622 ni tairi za mautenbaiki za inchi 29, nazo ni 622 vilevile. Nyembamba miongoni mwake zinaweza kuingia kwenye baadhi ya haibridi, ikiwa foko na fremu zina nafasi. Kwenye resi sahau. Breki zake hukaa karibu mno na tairi, nyingi za mtumba hazipitishi hata milimita 30.

Na vali. Tyubu nyingi za resi zina ule mdomo mwembamba wenye kinati kidogo juu. Pampu ya kijana wa kijiweni haiushiki, na mashine ya upepo ya bodaboda haiushiki pia, mpaka uwe na adapta. Ni kitu kidogo cha shaba, kitie kwenye funguo zako. Haibridi nyingi zina vali nene kama ya gari, unajaziwa popote.

Mwili nao una lake. Kwenye resi unalala mbele, uzito unashuka mikononi na shingo inabidi inyanyuke ili uone mbele. Aliyezoea hasikii kitu. Aliyekaa miaka kumi na nane kwenye kiti cha ofisi atasikia kabla hajafika Amboni, na hapo ni kama kilomita nane tu. Haibridi inakukalisha wima, unaona bajaji inakotokea.

Ila nisiwe mnafiki. Resi ni tamu. Ina kilo 8 mpaka 10 wakati haibridi inacheza kwenye 11 mpaka 14, na kusi likianza kuvuma, ukielekea kusini umekaa wima, kifua chako ni tanga. Mwenye usukani wa pembe anainama, upepo unapita juu. Isitoshe, usukani ulionyooka unakupa sehemu moja tu ya kushika, na baada ya saa nzima viganja vinakufa ganzi. Kwa hiyo kama unajua kwa hakika kwamba utapita lami ya Muheza kila Jumamosi, na mgongo mzima, chukua resi, lakini iwe inayopokea tairi ya milimita 28 au zaidi. Ukiwa huna hakika, chukua haibridi. Ukishapata miguu, ivue tairi nene uivalishe za milimita 28 au 32, kama rimu inazikubali, nusu ya resi utakuwa umeipata kwa bei ya tairi mbili.

Mwalimu alijibu maswali yangu kwa uaminifu. Anapita Chumbageni kwenda sokoni, jioni anafika Raskazone kupunga upepo wa bahari, kiuno kinamsumbua akiamka. Akachukua haibridi yenye tairi za 38, akataka madigadi na karia ya kufungia kikapu. Ile ya darini aliitazama mara mbili wakati anatoka.

Siku ya nne amerudi analalamika goti. Siti ilikuwa chini, aliishusha mwenyewe ili miguu yote miwili iguse ardhi. Nikamwambia apande, nikamshikia usukani, aweke kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Goti lilikuwa limekunjika sana. Nikaipandisha siti vidole vitatu, mpaka mguu ukanyooka. "Sasa nitaanguka, mwanangu," akasema. Akaondoka hivyohivyo, anayumba kidogo mpaka kona, kisha akanyooka.