Mwendesha mashtaka aliyeacha kazi hawezi kuigeuka kesi yake
Kuna ujumbe haukauki kwenye magrupu: eti Marekani, mwendesha mashtaka wa serikali akiacha kazi huenda kumtetea tajiri yuleyule aliyekuwa akimshtaki kwa ufisadi, faili likiwa kwapani.

Si kweli. Kutetea washtakiwa wengine anaruhusiwa, na wengi hufanya hivyo. Ila sheria ya shirikisho, Sehemu ya 18 kifungu cha 207, inamzuia maisha kusimama mbele ya mahakama au maofisa wa serikali kumwakilisha mtu katika shauri aliloshughulikia mwenyewe kwa kiasi kikubwa. Kwa mashauri yaliyokuwa chini ya mamlaka yake mwaka wa mwisho kazini, zuio ni miaka 2.

Kifungu kinasomeka bure mtandaoni. Watu huchanganya kuijua mikakati ya waendesha mashtaka, jambo halali (na ndilo wateja hulilipia pesa nyingi), na kuvujisha siri za kesi. Ukitumiwa ujumbe huo, usiusambaze.