Je, Wajua Kwa Nini Deni Ulilokwisha Kulipa Bado Linakukwamisha Kupata Mkopo wa Nyumba?

Dawa ya deni ni kulipa. Hilo tumelisikia tangu utotoni, na wengi huamini kwamba ukishalipa basi mambo yamekwisha. Kisha siku moja unaingia benki pale Mtwara mjini kuomba mkopo wa kununua nyumba ndogo ya Mangamba au kumalizia boma lako la Naliendele. Afisa mikopo anaingiza namba yako ya NIDA, anasoma kimya, halafu anageuza uso.

"Mwalimu, hapa kuna kitu cha mwaka 2021."

"Kile kimkopo? Mbona nilikimaliza, dada."

"Ni kweli umekimaliza. Ila ulikimaliza kwa kuchelewa."

Hapo ndipo watu hukasirika, na wana sababu. Pesa ya benki imerudi yote na riba yake juu, sasa kosa liko wapi? Liko kwenye tarehe. Anayekupa mkopo wa miaka 15 hajali sana kama leo unadaiwa au hudaiwi. Anataka kujua ulikuwa unalipaje ulipokuwa unadaiwa.

Kumbukumbu hizo hazitunzwi na benki moja. Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006 iliweka msingi wa kanzidata ya taarifa za wakopaji, kanuni zake zikatoka mwaka 2012, na mwaka uliofuata Benki Kuu ikatoa leseni kwa kampuni mbili za kuchakata taarifa hizo: Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet. Benki zinapeleka huko habari za kila mkopaji, mwema na mbaya. Kwa hiyo mkopo uliochukua Masasi utaonekana Lindi, hata kama ni benki nyingine kabisa na meneja hajawahi kukuona.

Kinachopelekwa si neno "analipa" au "halipi". Ni mfululizo wa miezi: mkopo ulikuwa wa kiasi gani, salio limebaki ngapi, rejesho limechelewa siku ngapi. Ukichelewa zaidi ya siku 30, mkopo unaanza kutazamwa kwa jicho la tahadhari. Ukipita siku 90 unaingia kwenye kundi la mikopo chechefu, na benki inalazimika kutenga fedha kufidia hasara inayoweza kutokea. Siku unayolipa, salio linasoma sifuri na mkopo unafungwa, lakini ile miezi minne uliyopotea haifutiki siku hiyo. Inabaki nyuma kama historia. Dawa yake ni miezi mingine mingi, mizuri, ikae mbele yake.

Kuna mambo mawili yanayowaponza watu wengi. La kwanza ni kusikia kwamba deni "limefutwa". Benki ikikata tamaa na mkopo, huuondoa kwenye vitabu vyake vya hesabu. Hiyo ni kazi ya wahasibu, wewe hujasamehewa kitu. Bado unadaiwa, bado wanaweza kukufuatilia wewe au dhamana yako, na kwenye taarifa zako hiyo ni alama mbaya kuliko kuchelewa. Ukipata nafasi ya kuzungumza nao, zungumza. Mara nyingi benki iliyokwisha kulihesabu deni kuwa hasara iko tayari kupokea malipo ya mafungu, pengine hata kupunguza riba iliyolimbikizwa. Ila makubaliano yawe kwenye karatasi yenye mhuri, na ukimaliza udai barua ya kumaliza deni kabla hujatoka mlangoni.

La pili ni mikopo ya simu. Shilingi 20,000 za M-Pawa au Songesha zinaonekana si kitu; mtu anavunja laini, ananunua nyingine, maisha yanaendelea. Lakini nyuma ya mikopo hiyo kuna benki, na tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, kwa hiyo namba ya simu na namba ya NIDA zinakwenda pamoja. Unaweza kukwama kwenye nyumba ya milioni 40 kwa sababu ya deni linalotosha kununua mfuko mmoja tu wa saruji. Hilo ndilo la kwanza la kusafisha, maana linauma kidogo na linaisha leo.

Sasa tuje kwenye korosho, kwa sababu hapo ndipo mfumo huu unapogombana na maisha ya kusini.

Mshahara unaingia kila mwezi. Korosho haifanyi hivyo. Mkulima wa Tandahimba au Ruangwa anapalilia na kupuliza dawa katikati ya mwaka, anaokota kuanzia Septemba au Oktoba, anapeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, unakwenda ghala kuu, unasubiri mnada. Baada ya mnada mnunuzi analipa, chama kikuu kama MAMCU, TANECU au RUNALI kinakata makato, ndipo fedha inaingia kwenye akaunti ya mkulima. Kila hatua ina siku zake. Aliyekopa mwezi Machi kwa ahadi ya kulipa mwisho wa Novemba anaweza kuwa na tani mbili ghalani, stakabadhi mkononi, na bado akahesabika amechelewa kwa sababu malipo yameingia Januari. Kompyuta haina mahali pa kuandika kwamba mali ilikuwepo.

Msimu wa 2018/19 ulionyesha hali hiyo kwa ukali. Wakulima walikataa bei za mnada, Novemba 2018 Serikali ikaamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likasomba mzigo. Bei ilikuwa nzuri, lakini uhakiki ukachukua muda na kuna waliosubiri malipo miezi kadhaa. Mwenye rejesho la benki katika miezi ile alichelewa pasipo kosa lake. Na wapo waliojiokoa kwa kangomba, kuuza korosho nje ya mfumo rasmi kwa bei ya kutupa, ili tu tarehe isipite.

Mtazamo wangu ni kwamba mkulima wa huku hashindwi kulipa, anashindwa tarehe. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kujenga upya jina lake ni kubishania tarehe kabla ya kusaini. Mwambie afisa mikopo rejesho kubwa liwe Januari au Februari, lisiwe Novemba. Mkopo wa kilimo unaweza kupangwa hivyo, na ukiona malipo ya mnada yanasuasua nenda benki na stakabadhi yako kabla tarehe haijafika, omba kupangiwa upya. Mkopo uliopangwa upya nao huonekana kwenye taarifa, sikufichi, lakini ni afadhali mara kumi kuliko mkopo uliotelekezwa.

Basi mtu aliyeharibu zamani aanzie wapi? Aanze kwa kujiona anavyoonekana. Una haki ya kupata taarifa zako mwenyewe kutoka kampuni hizo mbili, na uifanye kazi hiyo mapema, mwaka mzima au zaidi kabla ya kutafuta nyumba. Usizunguke benki tano kuomba mikopo ili kuona nani atakubali. Kila benki inayofungua taarifa zako inaacha alama, na alama tano ndani ya mwezi mmoja zinasomeka kama mtu anayehaha.

Ukiipata taarifa, isome kwa kidole, mstari kwa mstari. Huku kwetu jina moja lina sura nyingi: Salum na Salumu, Hassan na Hassani, kadi moja ina jina la babu na nyingine haina. Inawezekana ukakuta mkopo wa mtu mwingine, au wako uliolipwa ukiwa bado unasoma wazi na salio la shilingi 7,500 za makato ambayo hukuambiwa. Utakuta pia mkopo wa jamaa uliyemdhamini akatoweka. Huo si makosa, saini yako iko pale. Palipo na makosa, peleka malalamiko kwa maandishi kwa aliyekukopesha na kwa kampuni iliyotoa taarifa, ukiambatanisha risiti na ile barua ya kumaliza deni. Wakikupiga chenga, Benki Kuu inapokea malalamiko ya wateja wa benki, na ina tawi lake hapo hapo Mtwara mjini.

Baada ya hapo unahitaji kukopa tena, kidogo, na kulipa bila kukosa. Inaonekana kichekesho kumwambia aliyeungua na mikopo achukue mwingine, lakini historia haijengwi na ukimya. Hata hivyo chagua wa kukukopesha. Kikundi chako cha VICOBA cha Chikongola kinaweza kukusifu kwa miaka kumi, ila kama hakipeleki taarifa popote, sifa hizo zinaishia kwenye daftari la katibu. Ni vivyo hivyo kwa SACCOS ndogo nyingi. Uliza waziwazi: "Marejesho yangu mnayapeleka kwenye taarifa za wakopaji?" Na hao wa kausha damu wakae mbali kabisa. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana, ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, na Novemba 2024 ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Anayekutoza asilimia 20 kwa mwezi na kushika kadi yako ya benki hajengi jina la mtu.

Mkopo mmoja mdogo wa miezi 12, unaolipwa siku mbili kabla ya tarehe, una uzito kuliko mitatu inayopishana. Mwaka mmoja safi unaanza kubadili mazungumzo. Miwili, afisa mikopo anaanza kuuliza habari za nyumba badala ya habari za 2021.

Kwa nini ujisumbue hivyo? Tazama hesabu. Milioni 40 kwa miaka 15 kwa riba ya asilimia 15 inayopigwa kwenye salio linalopungua ni rejesho la kama shilingi 560,000 kwa mwezi. Kwa asilimia 13 ni kama 506,000. Tofauti hiyo ndogo, ikijikusanya miezi 180, inakaribia milioni 9.7. Historia safi ndiyo inayokupa ubavu wa kujadiliana riba. Mwenye madoa hupokea anachopewa.

Mtumishi wa umma ana kikwazo kingine kisichohusu madoa. Makato yote lazima yamwachie theluthi moja ya mshahara wa msingi. Mwalimu mwenye mshahara wa msingi wa 900,000 anatakiwa abakiwe na 300,000. Toa mchango wa pensheni wa asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, kodi ya mapato, na kama alisomeshwa na Bodi ya Mikopo toa asilimia 15 yao: tayari karibu 299,000 zimekwenda. Kinachobaki kwa rejesho ni kama 300,000, bado ada ya chama. Kwa riba ya asilimia 15 na miaka 15, hiyo inabeba mkopo wa kama milioni 21, haifiki 40. Ndiyo maana kumaliza deni la Bodi kabla ya kutafuta nyumba kuna faida maradufu: jina linasafika na nafasi kwenye mshahara inafunguka. Tozo ya kulinda thamani ya mkopo ya asilimia 6 ilifutwa mwaka 2021, kwa hiyo deni lile sasa linapungua kweli unapolipa.

Likishanyooka jina, inabaki nyumba yenyewe, na hapo mkopaji ndiye anayegeuka mkaguzi. Benki inataka hati. Viwanja vingi vya pembezoni mwa Mtwara na Lindi vina karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu, na kule Likong'o tangu zianze habari za mradi wa gesi asilia ya kusindika, maneno ya madalali yamekuwa mengi kuliko mipaka iliyopimwa. Fanya upekuzi ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba, uone jina lililo kwenye hati ni la nani na kama hati hiyo haijawekwa rehani na muuzaji kwa deni lake yeye.

Na kama mna ndoa, kaeni wawili mapema. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mwenza nyumba ya familia inapowekwa rehani, na mkiomba mkopo kwa pamoja benki itafungua taarifa za nyote wawili. Kile kimkopo cha simu cha 2022 ambacho mmoja wenu hakukitaja, afisa mikopo atakitaja.