Mgonjwa Aambiwe Nini Kuhusu Muda Uliobaki

Katika wodi za wagonjwa wa saratani kuna mazungumzo ambayo hufanyika mlangoni, mbali na kitanda. Mtoto wa mgonjwa humwita daktari pembeni, akaurudishia mlango taratibu, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Daktari, tuambie sisi, ila mama asijue." Anayesema hivyo hana nia mbaya. Anampenda mama yake, na anaamini kwamba habari ya kifo humvunja mtu moyo akafa kabla ya siku zake. Kwa kuwa sisi wahudumu wa tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia maumivu na mateso mwenye ugonjwa mzito, huletewa ombi hilo mara kwa mara, tumeona ni vema kueleza kwa umma tunalijibu vipi na kwa nini.

Tuanze na siku yenyewe ya kufa. Waislamu hufundishwa kwamba hakuna nafsi ijuayo itafia katika ardhi gani, na Wakristo wanakijua kisa cha mfalme Hezekia, aliyeambiwa atengeneze mambo ya nyumba yake kwa kuwa atakufa, akalia na kuomba, akaongezewa miaka 15. Sayansi ya tiba nayo haina uwezo wa kuitaja siku hiyo. Mwaka 2000 watafiti Christakis na Lamont walichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika Chicago, ambako madaktari 343 walitakiwa kukadiria muda waliobakiza wagonjwa 468 waliokuwa wakipokewa katika huduma ya mwisho wa maisha. Makadirio yaliyokaribia ukweli yalikuwa 20 tu katika kila 100, na 63 yaliwapa wagonjwa muda mrefu kuliko walioishi. Ikaonekana pia kwamba kadiri daktari alivyokuwa amemjua mgonjwa kwa muda mrefu, ndivyo alivyozidi kukosea. Jambo hilo halinishangazi, kwani ukishamzoea mtu, moyo nao huingia katika hesabu.

Kwa sababu hiyo hatupendi kusikia mgonjwa ametajiwa "miezi mitatu", naye akaondoka kuihesabu kwenye kalenda. Takwimu za namna hiyo mara nyingi hueleza muda ambao nusu ya wagonjwa watakuwa wamefariki. Nusu ya pili huishi zaidi, wengine kwa mbali sana. Stephen Jay Gould, mtaalamu wa visukuku wa Marekani, aligunduliwa mwaka 1982 kuwa na saratani ya utando wa tumbo ambayo takwimu zake zilikuwa za miezi minane, lakini aliishi hadi mwaka 2002. Mgonjwa wa namna hiyo ni nadra, na sitaki mtu ajengee matumaini juu yake peke yake. Namtaja ili ieleweke kwamba takwimu husema juu ya kundi, na aliyelala kitandani ni mtu mmoja.

Badala ya tarehe, tunaangalia kasi ya mabadiliko. Mgonjwa aliyekuwa akienda hadi bombani mwezi uliopita, na mwezi huu anaishia barazani, kwa kawaida tunazungumza naye habari ya miezi. Nguvu zikipungua wiki hadi wiki, tunazungumza habari ya wiki, na zikipungua kila kukicha, tunawaambia jamaa walio mbali waanze safari. Hiki si kipimo cha maabara, na bibi aliyewahi kuuguza watu wengi nyumbani atakitambua bila kufundishwa.

Je, watu wenyewe wanataka kujua? Mtu mwenye afya ukimuuliza kama angependa kujua siku yake ya kufa, mara nyingi atakataa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na Gigerenzer na Garcia-Retamero, uliohusisha zaidi ya watu 2,000 nchini Ujerumani na Uhispania, ulionyesha kwamba karibu 9 kati ya 10 wasingependa kujua mapema mambo mabaya yatakayowapata. Mgonjwa, hata hivyo, huuliza swali la aina nyingine kabisa. Huuliza kama atayawahi mavuno, au kama atamwona binti yake akimaliza darasa la saba. Swali hilo anastahili kujibiwa.

Husemwa mara nyingi kwamba kumwambia mgonjwa ukweli ni desturi ya Wazungu. Mwaka 1961, madaktari wapatao 90 kati ya 100 waliohojiwa nchini Marekani walisema hupendelea kutomwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Mwaka 1979, walipoulizwa tena, 97 kati ya 100 walisema hupendelea kumwambia. Katika miaka 18 tu madaktari wa nchi ileile waligeuka. Kwa hiyo kuficha hakukuwa tabia ya Waafrika peke yao, wala kusema kweli hakukuwa urithi wa Wazungu.

Gharama ya kuficha huwaangukia wengi. Katika nchi yetu, Tanzania, wagonjwa wengi wa saratani hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne kati ya nne, kwa hiyo mazungumzo haya hayawezi kuahirishwa. Nimeona familia ikiuza kiwanja ili mgonjwa apelekwe India katika wiki zake za mwisho, wakati yeye mwenyewe, lau angeulizwa, angetaka kiwanja kibaki kwa wanawe. Wosia hauandikwi, ingawa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, hupokea na kutunza wosia, na ingawa Mwislamu anajua kwamba anayo ruhusa ya kuusia hadi theluthi ya mali yake. Mgonjwa asiyejua hali yake huikataa hata morfini ya maji, kwa kuwa amesikia ni dawa ya wanaokufa, akalala na maumivu ambayo yangetulia kwa kipimo kidogo kila baada ya saa nne. Morfini inayotolewa kwa kipimo sahihi haimharakishi mtu kufa. Wala tiba shufaa kwa jumla haikuonekana kufupisha maisha: mwaka 2010 watafiti wa Boston waliripoti kwamba kati ya wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa, waliopewa tiba shufaa mapema waliishi miezi 11.6 kwa wastani wa kati (muda ambao nusu yao waliuvuka), na waliopewa matibabu ya kawaida pekee waliishi miezi 8.9.

Kwa hiyo tunamjibu mtoto wa mgonjwa pale mlangoni kwamba hatutamwambia mama lolote asilolitaka, ila tutamuuliza mwenyewe. Tunaketi, kwa kuwa habari hizi hazisemwi mtu akiwa amesimama. Tunaanza kwa kumuuliza ameelezwa nini kuhusu ugonjwa wake, kisha angependa kujua kiasi gani, na angependa nani awepo. Wapo wanaosema, "Zungumzeni na mume wangu," nasi tunafanya hivyo, kwani kutotaka kujua nako ni haki. Anayeuliza tunamjibu kwa kadiri alivyouliza, kisha tunanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kunakowashinda wahudumu wengi wachanga.

Mama mmoja aliyekuwa na saratani ya mlango wa kizazi alilindwa namna hiyo na wanawe kwa wiki kadhaa. Tulipomuuliza ameelezwa nini, alitutazama mmoja baada ya mwingine, akasema: "Mimi ninajua. Nilikuwa nangoja mseme ninyi." Kisha akafungua fundo katika pindo la kanga yake, akatoa ufunguo mdogo. Alikuwa mmoja wa washika funguo watatu wa sanduku la kikoba chao, na sanduku hilo halifunguki bila kufuli zote tatu. Wenzake walikuwa wameacha kukopeshana tangu alipolazwa, kwa kuwa kumwomba ufunguo waliona ni kama kumzika akiwa hai. Naye hakuutoa, kwa kuwa aliona wanawe wangejua kwamba anajua. Akamkabidhi binti yake mkubwa, akamtajia ni nani wa kumpelekea, akamwagiza apite pia kwa fundi cherehani kuichukua gauni yake ya shughuli. Jioni ile alikunywa morfini yake bila kubembelezwa.